Tukikata tuta la bwawa la zamani, kijito kitarudi?

Swali limetoka kwa mwalimu wa shule ya msingi wilayani Muheza. Nimelifupisha kidogo:

"Shikamoo. Karibu na shule yetu kuna bwawa la shamba la katani lililokufa zamani. Wazee wanasema lilijengwa enzi za Mwingereza ili kulisha maji korona, yaani mashine ya kukwangua majani ya katani. Kiwanda kilifungwa, mashine zikang'olewa zikauzwa chuma chakavu, bwawa likabaki. Sasa limejaa matete, linanuka, na watoto wanaogelea humo humo. Chini ya tuta kijito hukauka kabisa kuanzia Agosti mpaka vuli, na hapo ndipo marehemu babu yangu alipokuwa akivua mikunga. Vijana wameazimia kukata tuta. Mwenyekiti wa kijiji hataki, kwa sababu ya ng'ombe. Bwawa lina urefu wa hatua 300 hivi na upana wa hatua 80. Nilichomeka mti katikati ukazama kwenye tope kupita kimo changu. Chini ya tuta kuna kijichemchemi kisichokauka. Kijito chenyewe kinaingia Mto Zigi. Je, tukikata tuta, kijito kitarudi kama zamani?"

Marahaba, mwalimu. Kabla ya yote, waambie vijana waweke majembe chini kwa sasa. Wana haki ya kukasirika, na pengine mwishoni hilo tuta litakatwa kweli. Ila mnachokiona pale kuwa ni bwawa la maji, mimi nikisoma barua yako naona ghala la tope lenye maji kidogo juu yake. Ukikata tuta, kitu cha kwanza kuingia kwenye kijito ni hilo tope.

Tufanye hesabu kwa vipimo vyako. Hatua 300 za mtu mzima ni kama mita 240, na hatua 80 ni kama mita 60. Hiyo ni mita za mraba 14,400. Mti wako ulizama kupita kimo katikati. Pembeni tope litakuwa jembamba, kwa hiyo tuchukue wastani wa mita moja na nusu. Inakuja mita za ujazo zaidi ya 21,000. Tipa la kawaida la kubeba mchanga huchukua kama mita za ujazo kumi, yaani safari zaidi ya elfu mbili. Tipa moja likienda safari kumi kila siku bila Jumapili wala Idi, litakaa miezi saba na zaidi. Hilo ndilo vijana wako wanataka kulimwaga kwenye kijito kwa siku moja.

Nalijua jambo hili kwa aibu yangu mwenyewe. Nilipokuwa kijana, nina miaka miwili tu tangu nitoke chuo, nilikaa pembeni ya tuta la bwawa dogo kuliko lenu, katika shamba ambalo sitalitaja, nikawaangalia watu wakichimba mfereji katikati yake. Niliona ni sawa. Nilikuwa na kitabu kichwani kinachosema mto ukifunguliwa hujisafisha. Mfereji ulianza na upana wa jembe. Baada ya saa nne hivi ulikuwa unapitisha lori. Maji yaliisha jioni ile ile. Tope likaendelea kutoka misimu miwili ya mvua. Lilifukia jaruba za mpunga za watu ambao hawakuwahi hata kusikia kwamba kuna bwawa, likaziba vidimbwi vyote vya kijito, na akina mama wakaacha visima vyao vya kando ya bonde kwa sababu maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Mzee mmoja aliniambia, "Bwana maji, ulikuja kutuonyesha nini?" Sikuwa na jibu, na bado silipendi swali lile.

Sasa nikueleze kwa nini kijito kinakauka, maana ndipo penye ufunguo wa mambo mengi.

Mabwawa ya mashamba ya katani yalijengwa kwa kazi moja. Kwenye jani la katani, nyuzi ni kama asilimia nne tu ya uzito. Kilichobaki ni nyama ya jani na maji, na korona inapokwangua majani huhitaji maji mengi ya kuosha na kusukuma takataka. Kwa hiyo kila korona ilitafutiwa kijito, kijito kikazibwa kwa tuta la udongo, na chini ya tuta likapitishwa bomba la chuma lenye koki kubwa. Koki ikifunguliwa, maji yanakwenda kiwandani, na baadhi yanarudi kijitoni chini. Pembeni ya tuta iliachwa njia ya kumwaga maji ya ziada wakati wa masika, ambayo mafundi wetu huiita utoro. Bwawa lilikuwa na mtu wa kulitunza: anafungua koki, anafyeka tuta, anaziba mashimo ya panya.

Mtu yule aliondoka siku kiwanda kilipofungwa. Katani ya Tanganyika ilifika kileleni katikati ya miaka ya 1960, kwa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, kisha nyuzi za plastiki zikaingia sokoni na mashamba yakaanza kufa moja moja. Koki ikashika kutu. Bomba likazibwa na tope. Toka hapo bwawa lenu lina mlango mmoja tu, ule utoro wa juu, nao hupitisha maji wakati bwawa limejaa hadi ukingoni, yaani masika na siku chache za vuli. Mvua zikikatika maji hushuka chini ya kizingiti cha utoro, na hapo hakuna tone linaloruhusiwa kwenda chini.

Je, maji yanayoendelea kuingia kutoka juu yanakwenda wapi? Yanakwenda hewani. Eneo la maji yaliyo wazi kwenye joto la Tanga hupoteza kama milimita tano kwa siku kwa kupigwa na jua na upepo, na matete hayapunguzi. Hunywa na kupumua maji karibu kiasi kile kile. Milimita tano juu ya mita za mraba 14,400 ni lita 72,000 kwa siku. Kwa ndoo za lita 20 ni ndoo 3,600. Nenda pale kijito kinapoingilia bwawani mwezi wa Septemba, tafuta mahali maji yanapoanguka, au kinga kipande cha bomba, uweke ndoo ya lita 20 uhesabu sekunde. Ikijaa kwa sekunde 24 au zaidi, basi kijito chote kinaishia kwenye jua na matete, na hesabu imefungwa. Ikijaa kwa sekunde kumi, nikosoe: maji mengine yatakuwa yanapotelea mahali pengine, pengine ndani ya tuta, na hilo litanitia wasiwasi kuliko ukame.

Kwa hiyo, mwalimu, vijana wana hoja. Wakati wa kiangazi bwawa lile halihifadhi maji ya kijiji, linayakausha.

Harufu nayo ina maelezo yake. Chukua fito, ingia pembeni mahali pagumu, uchome tope. Yatapanda mapovu. Mengine hayana harufu, ni gesi ya kinamasi. Mengine yananuka yai viza. Majani ya matete yanayooza chini hula hewa yote iliyoyeyuka kwenye maji, na mahali pasipo na hewa wadudu wadogo wa kuozesha hufanya kazi ya namna nyingine, ndiyo inayotoa yale mapovu na kulifanya tope kuwa jeusi kama masizi. Maji ya kina kifupi yaliyosimama juani huwa pia na joto zaidi, na kadiri maji yanavyopata joto ndivyo yanavyoshika hewa kidogo. Kambale huvumilia, maana anaweza kupanda juu akapumua hewa ya kawaida. Samaki wa maji yanayokimbia hawawezi. Ndiyo maana humo bwawani utaona kambale na perege, na huwaoni wale vidagaa wa mawe waliopo kijitoni juu, penye kivuli.

Chini ya tuta madhara yake ni ya kinyume. Kwa miongo kadhaa mchanga wote ulinaswa bwawani. Maji ya masika yaliyoruka utoro yalitoka bila mzigo, na maji yasiyo na mzigo huchimba mpaka yapate wa kubeba. Nina hakika ukishuka mita mia mbili chini ya tuta utakuta kijito kimezama kama mfereji, kingo zimesimama wima, mizizi ya mikuyu ikining'inia hewani. Kama kuna kalavati hapo, angalia miguu yake. Lakini bwawa likishajaa tope, kunasa kunakwisha. Sasa kila mafuriko yanapita na tope lake lote, na bwawa halizuii tena lolote. Walichokigundua watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden mwanzoni mwa miaka ya 1970, walipopima mabwawa ya Ikowa, Msalatu na Matumbulu kule Dodoma na Kisongo karibu na Arusha, ni kwamba mabwawa madogo ya nchi hii hujaa mchanga upesi mno pale mashamba na malisho ya juu yanapoachwa bila kinga. Lenu limepata muda mrefu zaidi ya yale.

Watoto. Hapa sitaki kuzunguka. Kichocho cha mkojo kinahitaji vitu vitatu: mkojo wa mgonjwa kuingia majini, konokono wa aina ya Bulinus, na ngozi ya mtu. Konokono hao hupenda maji yaliyotulia yenye majani, na bwawa lililoachwa ni kama lilijengwa kwa ajili yao. Vijidudu hutoka kwa konokono jua likiwa kali, hasa saa sita na saa za karibu yake, yaani saa ile ile wanafunzi wako wanapotoka darasani. Huishi majini siku moja hadi mbili tu. Kwa hiyo maji ya kuogea yaliyochotwa na kukaa kwenye pipa safi siku mbili kamili, bila konokono ndani, hayana tena kichocho (ya kunywa yachemsheni vile vile). Mtoto anayekojoa damu apelekwe zahanati, dawa ipo. Dawa peke yake lakini haimzuii kurudi majini kesho yake.

Kuna kisa cha Senegal ambacho huwa nakisimulia kila ninapopata nafasi. Mwaka 1986 bwawa la Diama lilikamilika karibu na mlango wa Mto Senegal ili kuzuia maji ya chumvi. Miaka michache baadaye mji wa Richard Toll, ulio upande wa juu wa mto kutoka bwawani, ukawa na mlipuko mkubwa wa kichocho. Maji baridi yaliyotulia yaliwapa konokono makazi, na zaidi ya hapo, kamba wakubwa wa mtoni, wanaokula konokono, walizuiwa njia. Kamba hao huzaliana kwenye maji yenye chumvi karibu na bahari, kisha watoto hupanda mto. Ukuta ukiwakata, juu yake konokono hawana adui. Vijito vyetu vya pwani navyo vina jamii ya kamba hao. Waulize wazee kama walikuwa wakiwanasa humo zamani. Ningependa kujua jibu.

Hapo naja kwa mikunga ya babu yako, na naomba uniwie radhi, maana sehemu hii ya jibu hutaipenda.

Mkunga wa mtoni ni msafiri wa kinyume. Huzaliwa baharini, mbali kabisa katika Bahari ya Hindi, huja pwani akiwa kama uzi wa kioo, hupanda mito, hukaa huko miaka kumi au zaidi, kisha akishakomaa hushuka baharini kutaga na kufa. Mkunga aliyevuliwa na babu yako karibu na shule alikuwa amepita mdomo wa Zigi kwenda juu. Ila tangu 1978 kuna bwawa la Mabayani kwenye Zigi, linalowapa maji watu wa Tanga mjini. Mkunga yeyote wa leo lazima avuke Mabayani kabla hajafika hata kuliona tuta lenu. Mikunga wadogo hupanda kuta zenye unyevu kwa namna ya ajabu, kwa hiyo wachache huenda bado wanapita. Jaribu hivi: waulize wazee babu yako aliacha lini kuwaona. Kama waliendelea kuwapo tuta lilipokuwa tayari limejengwa, wakatoweka baada ya miaka ya 1970 kwisha, basi mlikuwa mnamlaumu jirani asiyehusika. Kukata tuta lenu kutarudisha maji, kutarudisha mchanga na vidimbwi. Mikunga sikuahidi.

Na samaki wana jambo jingine. Katika Pangani na Zigi kuna perege wa kwetu aliyepewa jina la Korogwe katika vitabu vya sayansi, Oreochromis korogwe, tangu 1955. Hatari yake kubwa leo ni sato wa Ziwa Victoria na Nile, anayepandwa kwenye mabwawa kwa nia njema, kisha anatoroka na kuzaa naye mchanganyiko. Je, kuna mtu aliyewahi kumwaga vifaranga vya sato bwawani kwenu? Kama ndiyo, kukata tuta ni kuwafungulia mlango wa Zigi nzima, japo ukweli ni kwamba mafuriko ya kila masika huenda yalikwishawapitisha kwenye utoro. Na kama sato wako chini mtoni na juu ya bwawa kuna perege wa asili peke yao, tuta hilo bovu ndilo linalowalinda. Mambo ya mito hayana upande mmoja. Huwa nawaambia wanafunzi wangu wavue pande zote mbili kabla ya kushika jembe.

Kuna swali ambalo hukuliuliza: tuta lenyewe liko salama?

Mei 9, 2018, usiku, kule Solai katika Kaunti ya Nakuru nchini Kenya, tuta la udongo la bwawa la Patel lilipasuka baada ya mvua za muda mrefu. Walikufa watu wasiopungua 47, wengi wao wakiwa majumbani mwao. Bwawa lile lilikuwa kubwa kuliko lenu na lilikuwa kwenye shamba linalofanya kazi. Lenu halina hata mlinzi. Tope lililojaa haliongezi usalama kama watu wanavyodhani, maana linabonyeza tuta kwa uzito kuliko maji, na mafuriko yakija hayana tena nafasi ya kutulia. Yanapanda moja kwa moja hadi juu ya tuta. Tuta la udongo likishapitwa na maji juu yake halichukui muda.

Angalia mambo haya. Utoro uko wazi, au umeota miti na mtu amepanda migomba? Kichwa cha tuta kina mahali palipobonyea, pengine njia ya ng'ombe? Kuna vichuguu? Mchwa huchimba njia ndani ya tuta ambazo maji huzipenda sana. Kuna miti mikubwa? Usiing'oe. Mti ukikatwa, mizizi huoza baada ya miaka kadhaa na kuacha mirija mitupu ndani ya udongo; fyekeni vichaka, miti mikubwa iachieni fundi. Na kile kijichemchemi kisichokauka chini ya tuta, ulichokitaja kama jambo jema, ndicho kilichonifanya nijibu barua yako haraka. Maji kuvuja kidogo chini ya tuta la udongo ni kawaida. Swali ni rangi yake. Yakiwa maangavu, tuta linatoa jasho. Yakiwa na tope, maji yanabeba tuta kutoka ndani, chembe kwa chembe.

Sasa, ningefanya nini kama lingekuwa langu?

Kwanza ningelichunguza lile tope. Mwaka 1973 huko New York waliondoa bwawa bovu la Fort Edward kwenye Mto Hudson, bila kujali sana kilichokuwa nyuma yake. Kulikuwa na mashapo yenye kemikali za sumu ziitwazo PCB, zilizotoka kwenye viwanda vya General Electric. Yakasambaa mto mzima kuelekea chini, na kusafisha kukaja kuchukua miongo. Lenu halina viwanda vya namna hiyo juu yake, lakini kama shamba lilikuwa na ghala la dawa za wadudu au karakana ya kumwaga oili karibu na bwawa, lazima sampuli zichukuliwe. Na kama chanzo cha kijito kiko milima ya Amani, uliza juu ya wachimbaji wadogo wa dhahabu waliovamia kule mwanzoni mwa miaka ya 2000. Zebaki wanayokamatia dhahabu hukaa kwenye tope kimya kimya. Sampuli tano sita, kutoka juu, katikati na karibu na tuta, kwa kina tofauti, zinatosha kuanza.

Baada ya hapo ningeyashusha maji, taratibu, wakati wa kiangazi. Hili linawezekana bila kukata tuta. Chukua bomba la plastiki la inchi nne, lijaze maji, lipitishe juu ya tuta, mdomo mmoja ndani ya bwawa na mwingine chini zaidi upande wa nje, kisha ufungue ncha zote pamoja. Maji yatajivuta yenyewe, kama fundi wa gari anavyonyonya petroli kwa mpira. Kiwango: shubiri moja kwa siku, isizidi. Ukishusha kwa haraka, upande wa ndani wa tuta unabaki umelowa na mzito huku maji yaliyokuwa yakiuegemea yameondoka, na unaweza kuporomoka. Mdomo wa ndani uelee karibu na juu kwa chelezo cha dumu, usivute tope. Kazi hii ianze Julai na iwe imekwisha kabla ya vuli, nayo peke yake itakupa kijito kinachotiririka mwezi wa Septemba. Waonyeshe vijana hilo kabla ya jingine lolote. Hasira zitapungua.

Halafu ndipo utoro ushushwe kwa hatua, nusu mita kwa mwaka, uwekwe mawe, tope linalobaki nyuma lipate nafasi ya kukauka, kushikana na kuota. Hata Marekani, walipoondoa mabwawa mawili makubwa ya Mto Elwha kuanzia 2011, waliyashusha kidogo kidogo kwa takriban miaka mitatu, wakisimama kila mara ili mto usizidiwe na mashapo, na samaki aina ya salmoni walipanda wenyewe kupita palipokuwa na kuta. Kwenye tope lililokauka pandeni mabingobingo kingoni na mikuyu nyuma yake. Msipande mikaratusi. Na jiandaeni kwa hili: siku tope litakapokauka kiasi cha kubeba mguu wa mtu, atatokea mtu na mbegu za mahindi na kusema hapo palikuwa pa babu yake. Udongo ule ni mzuri mno. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za kingo za mto, lakini sheria bila mkutano wa kijiji uliokaa mapema haitamzuia mtu mwenye jembe. Gaweni mapema, kwa muhtasari ulioandikwa.

Mimi binafsi nisingeondoa tuta lote. Ningeacha sehemu ya juu iwe kinamasi cha matete, maana matete yakiwa na maji yanayopita huchuja tope vizuri. Ubaya wake ni kwenye maji yaliyosimama. Ng'ombe wa mwenyekiti wajengewe birika la kunyweshea chini ya tuta, lililojazwa kwa bomba lile lile, wasiingie tena bwawani. Na penye kizingiti kipya cha utoro ningening'iniza kamba nene za katani, zenye manyoya, ziguse maji ya chini. New Zealand huning'iniza kamba za namna hiyo kwenye makalavati ili mikunga wadogo na samaki wengine wapande. Gharama yake ni ndogo, na Tanga kukosa kamba ya katani itakuwa kichekesho.

Ruhusa. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 maji ni mali ya umma na usalama wa mabwawa una masharti yake. Kukata tuta kienyeji ni kosa, hata kama mwenye shamba haonekani. Zigi iko chini ya Bodi ya Maji Bonde la Pangani. Makao makuu yako Moshi, lakini wana ofisi Tanga. Barua ipitie kwa mtendaji wa kijiji na kata, iambatane na vipimo vyako na picha. Nakala mpelekee mamlaka ya maji ya Tanga mjini. Hao ndio watakaosoma haraka kuliko wote, kwa sababu tope lenu likitoka litaishia Mabayani, kwenye maji wanayoyasafisha wao. Tayari wanafahamiana na umoja wa wakulima wahifadhi wa Kihuhwi na Zigi, UWAMAKIZI. Uliza kama kijiji chenu kimo.

Barua ikienda itachukua muda, naelewa. Wakati mnangoja, fyekeni utoro wote kabla ya vuli, zibeni njia ya ng'ombe juu ya tuta kwa udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa, na waelezeni watu wenye nyumba bondeni wapi pa kukimbilia usiku mvua ikipiga. Watoto wako darasa la sita wanaweza kazi moja ya sayansi: glasi moja ya maji kutoka kile kijichemchemi kila asubuhi, iwekwe dirishani, iandikwe tarehe na muda wa kujaza chupa ya lita moja. Glasi ikianza kuwa na tope chini, au chupa ikianza kujaa haraka wakati mvua haijanyesha, usiniandikie mimi. Watoe watu bondeni siku hiyo hiyo, kisha umpigie simu mtendaji.